Siku nilipima lenzi kwa kitenge cha kwaya

Naandika hii na haya, na ningeiacha, lakini kila muntu wa muji wetu wa Baraka anaisimulia kwa njia yake na ananiongezea makosa ambayo sikufanya (yangu mwenyewe yanatosha).

Nilinunua kamera ya zamani, ya filimu, kwa mzee mumoja mupiga picha wa Mboko aliyechoka na kazi. Mama Riziki, prezidente wa kwaya yetu, binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi, akaniambia picha za arusi ni zangu kama nitamuhakikishia kwanza kamera inaona muzuri. Kama hapana, batatumia simu zabo. Mzee alinifundisha: kupima lenzi, piga ukuta wa matofali, uone kama kila mustari unatoka wazi. Lakini mimi nikawaza (kosa lilianzia hapa), matofali itamufurahisha nani? Kwaya iko na kitenge kipya chenye vidoti vidogo kama mbegu za mboga ya lengalenga. Kila kidoti kikionekana, lenzi iko nguvu, na bamama nao bamepata picha.

Basi, Jumapili iliyotangulia arusi, kisha ibada kuisha, nikapanga bamama kumi na babili kwa ukuta wa kanisa, jua la saa sita linabapiga usoni, nikatoa utepe wa mushonaji, nikapima toka kamera mpaka pua ya Mama Riziki, nikarudi nyuma, nikapima tena, nikafungua tundu la lenzi, nikalipunguza, na kila mara nazungusha lenzi mpaka zile sura mbili zinazoonekana ndani ya kadirisha ka kutazamia zinaungana kuwa moja, najiona fundi kweli.

"Muntu asitikisike! Asiongee!"

Koko Wabiwa, bibi muzee mukubwa wa bote kwa kwaya, akanyoosha kidole. "Mutoto wangu..."

"Koko, kidole! Unaharibu kipimo!"

Akakirudisha. (Kwa haki niseme: alijaribu tena kwa picha ya kumi, na kwa ya ishirini, na mara zote mbili nilimukatalia. Hata kwa ukali.)

Picha ya thelathini na sita ikaisha, nikasema asante, bamama bakavuta pumzi, Koko akakuja karibu, akagonga mbele ya kamera na ukucha: ko, ko.

"Hiki kifuniko, utakitoa wakati gani?"

Nikatazama. Kifuniko cheusi kilikuwa kimekaa pale pale kwa lenzi tangu nilipoitoa kamera kwa mzee wa Mboko. Kamera ya namna hii, kadirisha kako pembeni, hakapitii ndani ya lenzi. Weye unaona dunia yote muzuri, filimu inaona giza.

"Bote muliona?"

"Tuliona," Mama Riziki akasema, jasho linamutoka mpaka kidevu. "Tulizania ile njo kipimo chenyewe. Na weye ulisema tusiongee."

Balicheka mpaka mumoja akakaa chini na kitenge kipya. Nikamwambia Mama Riziki atumie tu simu, ni haki yake. Akaniangalia sana.

"Filimu ingine iko?"

"Moja."

"Kuja Jumamosi. Kifuniko tutakichunga sisi."

Na balikichunga! Kila nilipoinua kamera kwaya nzima ilipaza sauti, "Kifuniko!", hata pasta akiwa katikati ya maombi, hata bibi arusi mwenyewe, na machozi yake, akaitikia nabo. Picha zilitoka. Vidoti vyote vinaonekana, unaweza kuvihesabu, na katika kila picha bamama bote bako kinywa wazi.

Tangu pale nabaambia bantu: mutulie, lakini musinyamaze. Na Koko akinyoosha kidole, nashusha kamera.