Siku Nilipomtosha Kocha

Mpaka leo tramu ikipita karibu na ule uwanja wa Berchem nageuzia uso upande wa pili, maana pale ndipo nilipojiaibisha mbele ya watu wazima, watoto na mchungaji mmoja, kwa neno moja tu, tena la Kiswahili, lugha ambayo (mimi Mkenya niliyepasi Kiswahili vizuri, msinicheke) nilidhani naijua.

Nilikuwa nasoma katika chuo kidogo hapa Brussels, na timu yetu ya mpira ilikuwa ya vijana wa Kikongo watupu. Mimi nilikuwa meneja, cheo ambacho maana yake ni kufua jezi. Kocha wetu alikuwa Papa Célestin wa Lubumbashi, mtu mpole aliyehudumia wazee wiki nzima, halafu Jumapili anakuja kutufundisha bure na chupa yake ya chai. Sasa kulikuwa na chuo kimoja kikubwa, chenye basi lake na wafadhili wake, ambacho kazi yake ilikuwa kusubiri sisi tupike, wao wapakue. Kipa wetu akiiva, wamechukua. Mshambuliaji akianza kufunga, wamemwita. Makocha ndio usiseme, kila msimu unasikia wa chuo fulani kahamia kule, mpaka ligi ikabaki na bingwa mmoja na sisi wasindikizaji. Wachezaji wetu walipokwisha, wale wakubwa wakamgeukia Papa Célestin mwenyewe, naye akatuambia, "Bon, nitawapatia jibu Dimanche, nyuma ya match."

Nikachanganyikiwa, kwa sababu akiondoka huyu hatuna timu tena. Na kilichonikera zaidi ni mashabiki wetu, akina mama na akina baba wa kanisa la kule Koekelberg, ambao kwa kuwa tulikuwa tunafungwa kila wiki (utashindaje na wachezaji wako wote wako kwa wenzako?) walikuwa wanamnung'unikia yeye. Nikasema lazima kocha aone kwamba anapendwa. Kwetu Kenya ukitaka kumpigia mtu debe unataja jina lake na kuongeza neno moja tu, kwamba huyo ndiye anayefaa, basi nikachukua shuka la mama mwenye nyumba wangu kule Evere (hilo nalo lina kesi yake), nikaandika kwa rangi nyekundu: PAPA CÉLESTIN TOSHA! Sikumwonyesha mtu, nilitaka wote washtuke siku yenyewe. Na kweli walishtuka.

Jumapili ikafika, na mpaka mapumziko tulikuwa tumeshafungwa matatu bila. Nikaona wakati ndio huu. Nikalikunjua shuka, ncha moja mimi, nyingine Otieno, Mkenya mwenzangu wa pekee pale, tukaanza kuimba, "Tosha! Tosha! Tosha!"

Watu wakageuka kutazama. Halafu Maman Béatrice, kinara wa wanung'unikaji, akasimama, akasoma, akapiga makofi. "Enfin! Muntu moja anasema kweli!" Akaanza kuimba na sisi, na mwingine akamfuata, mara uwanja mzima uko juu, "Tosha! Tosha!", hata mchungaji anatikisa kichwa kufuata mdundo. Jamani nilifurahi, machozi yalinitoka kabisa, nikajiambia kumbe hawa watu wanampenda kocha wao, nikapanda juu ya benchi ili sauti ifike mbali zaidi.

Papa Célestin alilisoma lile shuka polepole, kisha akaniangalia mimi. Akavua filimbi shingoni, akaiweka juu ya benchi la wachezaji, akachukua chupa yake ya chai, akaelekea kituo cha tramu.

"Anaenda wapi?" nikamuuliza Patrick, nahodha wetu.

"Weye ndio unauliza? Si unasema tumutoshe?" Akaona nimemkodolea macho. "Dada, kutosha, c'est enlever! Ni kuondoa muntu!"

Nilimkimbilia na shuka linaburuzika nyuma yangu, napiga kelele kama kichaa, "Papa, unatosha! Nasema unatosha!"

"Nitoshe nini tena, mutoto yangu? Filimbi nimesha kutosha."

"Hapana, papa, kwetu kutosha ni..." na hapo Kiswahili kikaniishia, na Kifaransa changu siku hizo kilikuwa cha kununulia mkate tu.

"Bon, haiko neno," akasema. "Lakini kama munanichoka, mungeniambia ku nyumba, haiko mbele ya bantu." Tramu ikaja, akapanda.

Jioni Patrick alimweleza kila kitu, na nasikia alicheka mpaka akakohoa, lakini kule ndani ya tramu alikuwa ameshawapigia simu wale wakubwa na kuwaambia ndiyo, na Papa Célestin si mtu wa kula neno lake.

Msimu uliofuata wakaja na basi lao wakatufunga mabao ambayo sitaki kuyataja. Baada ya mechi akanifuata, amevaa koti jipya la timu yao, chupa ya chai ni ile ile.

"Alors, mulikuwa munanipenda?"

"Sana, papa."

"Na mimi siku ile nilikuwa nimekuja kuwaambia ninabakia."

Siku hizi nikitaka kumsifu mtu namsifu kwa Kifaransa changu kibovu, bora nichekwe. Na Otieno nimemkataza kabisa kulitamka lile neno mbele yangu, hata nikimpakulia chakula aseme tu, "Acha hapo."