Mabawa ya Kyungu

Kitenge kipya kina harufu yake kabla hakijaguswa na maji: harufu ya wanga, ya rangi, na kidogo ya mafuta ya boti iliyokivusha kutoka Kigoma. Juzi nilifunua kimoja sokoni, nikimtafutia binti yangu kitambaa, na mama muuzaji akaniuliza kama naumwa. Siumwi. Nilikuwa nimejikuta nasogea kulia, nikimpisha mtu asiyekuwepo. Sogeeni nanyi, niwaeleze.

Nilizaliwa pacha, hapa hapa Kalemie, ng'ambo ya ziwa kutoka Kigoma; kwetu tunasema mapasa. Aliyetangulia kutoka aliitwa Kyungu, mimi niliyemfuata nikaitwa Kabwe, kama ilivyo desturi ya Waluba. Kyungu alikufa kwa surua kabla hatujajua kutembea, kwa hiyo simkumbuki. Lakini nilikua naye. Mama alifundishwa na mama yake kwamba pasa aliyekwenda haendi mbali: akiona mwenzake kapewa kitu naye kanyimwa, hukasirika, hurudi kumchukua. Tena mama wa mapasa hana ruhusa ya kumlilia aliyekufa, maana chozi lake ndilo linalomwita aliyebaki. Basi mama hakulia, na kila nguo aliyonishonea alishona mbili.

Cherehani ilikuwa ya Bi Zaina, jirani yetu, Mwislamu wa zile familia za zamani zilizoletwa na biashara ya ziwa. Alimwachia mama aitumie barazani kwake, naye akaketi pembeni akitafuna karanga na kukosoa pindo. Mama alinisimamisha, akazungusha utepe wa kupimia kifuani, kiunoni, kisha begani hadi gotini. Akimaliza, alisogea kidogo kushoto kwangu na kupima hapo pia, pasipo mtu, taratibu, akiinua utepe kama anayeupitisha juu ya mkono.

"Simama muzuri, Kabwe. Usisukume mwenzako."

Nilisimama vizuri. Msinicheke: vinyweleo vya mkono wangu wa kushoto vilisimama pia, na mara nyingine niliuona utepe umekaza pale hewani, umekataa kuzunguka zaidi. Nguo za Kyungu zilikua pamoja na zangu. Zangu zilichakaa magotini na makwapani. Zake zilikaa kwenye msumari chumbani, mpya, zikiyumba hata dirisha likiwa limefungwa. Nilizoea kulala nimezipa mgongo.

Nilipokuwa darasa la pili, mwalimu wetu, ambaye tulimwita Madame, aliamua kwamba siku ya kutangaza matokeo tungecheza ngoma ya ndege wa ziwani. Kila mama ashone: gauni la gunia la unga, mabawa ya vipande vya kitenge, na uso wa kartoni wenye mdomo mrefu. Kina mama wengine walifua magunia yao hadi yakawa meupe pe. Wengine hawakujisumbua, na kuna mvulana aliyecheza siku ile matako yake yakitangaza kilo hamsini. Mama yangu alikata mabawa kutoka kwenye kitenge alichotubebea sote wawili mgongoni, cha buluu chenye duara za njano. Mtaa mzima hakuna aliyekuwa na kingine kama hicho.

Alishona ndege wawili, bila shaka. Wangu nilikwenda naye nyumbani. Wa Kyungu alibaki kwa Bi Zaina, kwa sababu uso wake ulikuwa bado mbichi, gundi ya uji wa muhogo ilikuwa haijakauka.

Siku ya ngoma uwanja wa shule ulijaa vumbi na wazazi. Ukiwa ndani ya uso wa kartoni huoni dunia, unaona matundu mawili tu. Ngoma ilipoanza niligeuza matundu yangu kushoto, nikaona mabawa ya buluu yenye duara za njano.

Kimo chake kilikuwa changu. Mdomo wake ulipinda pale pale wangu ulipopinda. Wala sikushangaa, na hilo ndilo linanitisha hadi leo. Nilijiambia tu kwamba Kyungu amechoka kungoja. Nikafungua mabawa, akafungua yake. Nikainama, akainama.

"Kyungu?" nikanong'ona.

Yule ndege akaitikia kwa kichwa.

Nikamtafuta mama. Wote walikuwa wameketi, yeye kasimama, mkono mdomoni. Macho yake yalitoka kwangu yakaenda kwa mwenzangu, yakarudi, yakaenda tena, nami nikaona hajui ni yupi kati yetu aliye hai.

Ngoma ikaisha. Tukavua nyuso, kama Madame alivyotufundisha. Chini ya ule mwingine alikuwa Furaha, tuliyesoma naye, binti wa mvuvi aliyehamia kutoka upande wa Fizi, jasho tele, mapengo nje.

"Bi Zaina njo alinipatia," alisema kwa fahari, kabla hajaulizwa.

Bi Zaina alikuwa amemkuta asubuhi akilia uani kwao, hana vazi la ngoma. Alijua vazi ni la nani. Lakini kwa Waislamu wenzake nguo ya marehemu hutolewa sadaka, na thawabu humfikia aliyekufa. Alidhani anamtendea Kyungu wema. Na Furaha aliniambia baadaye kwamba hakusikia mtu akimwita, wala hakutikisa kichwa.

Mama alianguka magoti vumbini akalia. Sauti ile sikuwahi kuisikia, ilikuwa imekaa ndani miaka. Wanawake wa kwetu walimkimbilia.

"Nyamaza, Mama Mapasa! Utaita na huyu!"

Mmoja alijaribu kumziba mdomo kwa pindo la kitenge. Wengine walinitazama mimi, na kwa macho yao nilijua wamekwisha kunizika.

"Muacheni alie," Bi Zaina alisema, naye machozi yanamtoka. "Jamani, muacheni. Mtoto ni wake."

Nilikwenda nyumbani nikalala mkekani, mikono kifuani kama nilivyoona maiti wakilazwa, nikamsubiri dada yangu. Ilikuwa bado mchana. Jirani alikuwa akikaanga ndagala, dagaa za ziwa letu, nikasikitika sana kwamba sitazila. Kila upepo uliposukuma pazia nilifumba macho.

Aliyeingia ni mama, uso umevimba. Akaniwekea kiganja kifuani.

"Kabwe, uko?"

"Niko, mama."

Akatazama sehemu tupu ya mkeka, kushoto kwangu. Nikaona midomo yake ikilitengeneza lile jina, sauti isitoke. Kisha akajilaza pale pale, mahali pa Kyungu, akajinyoosha, akalala usingizi wa kukoroma. Nguo ya pili hakushona tena.

Miaka mingi niliamini kwamba zile nguo ndizo zilizoniweka hai. Sasa nimezaa, nimeelewa jambo ambalo wale wanawake wa uwanjani hawakulifikiria. Wanasema pasa aliyekufa humwita yule waliyekaa naye tumboni. Lakini lile tumbo lilikuwa la mtu. Aliyeitwa miaka yote ile hakuwa mimi. Alikuwa mama, na kila nguo ilikuwa jibu lake kwa Kyungu, kwamba amngoje kidogo, bado kuna mwingine wa kulea.