Mgeni Aliyesonga Ugali

Senge yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa balozi kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Ukutani kwake, hapa Kitale, hakuna picha aliyopigwa pamoja na mkubwa yeyote. Kuna picha za madarasa tu, ya kwetu na ya ng'ambo, ambako aliwapeleka walimu na kuwaleta wengine. Nilipokuwa mdogo nilidhani kazi ya balozi ni kuwatafutia watoto walimu. Hadi leo sijaona sababu ya kubadili mawazo.

Mwaka juzi, akiwa amestaafu, nilimwendesha hadi shule moja ya wasichana juu ya Kimilili. Nyuma ya gari tulibeba gunia la unga wa shamba lake, kwani haendi kwa watu mikono mitupu. Afisa mmoja wa kigeni, ambaye senge alikuwa amembembeleza kwa barua mwaka mzima, alikuwa anakuja kutia saini mkataba wa walimu wawili wa fizikia. Shule haikuwa na hata mmoja. Kidato cha nne walikuwa wakijisomea wenyewe.

Tulikuta kuku wameshaiva na afisa ameshafika. Mwenyekiti wa halmashauri ya shule, mzee wa koti zito, akafunika karatasi ya mkataba kwa kiganja.

"Kwanza chakula. Mtu hajakula kwangu, nitaandikiana na yeye nini?"

Afisa, mama mwembamba mwenye haya, akatikisa kichwa. Sheria za wizara yao zilimkataza kupokea chochote kutoka shuleni kabla ya saini, hata sahani ya chakula. Senge akatafsiri.

"Ati anakataa kuku?" mzee akafoka. "Si aseme tu hatutaki sisi, bana!"

Mwalimu mkuu akainamisha uso. Niliona walimu wetu wawili wakipotea mbele ya macho yangu.

Senge akamshika afisa mkono, akamwongoza jikoni. Akafungua gunia letu, akamweleza jambo kwa lugha yake, akampa mwiko. Yule mama akavua koti, akasonga ugali, jasho likimtoka.

"Bonyeza, mama! Hiyo bado ni uji!" wapishi walimcheka.

Ulipoiva, senge akauweka mbele ya mzee. "Mwenyekiti, unga ni wangu, mkono ni wake. Huyu hajapewa kitu. Je, aliyepika kwako anakula kama nani?"

Mzee akaubonyeza ugali kwa kidole.

"Kama mtu wa nyumbani," akasema. "Lakini uko na madonge."

Senge akatafsiri yote, pamoja na madonge. Afisa akacheka hadi akafuta macho, akamega, akala. Kuku alituachia sisi.

Kwetu firigisi ni ya mwenye boma. Nyanya zetu hawakuruhusiwa kuonja hata kuku mwenyewe. Mzee akaichagua kwenye bakuli, akaiweka kwenye sahani ya senge.

"Kula, mama balozi."

Senge akaitafuna taratibu, mgongo wima, wanaume wote wakimtazama. Kisha mzee akanawa mikono, akavuta karatasi, akauliza atie saini wapi.