Jiwe la Mlangoni

Wiki ya kwanza majirani walidhani Nkwabi amefungua karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, nyumbani kwake. Wiki ya pili, jirani aitwaye Januari, mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi, alichungulia juu ya ua wa minyaa. Akaona pipa dogo limelala juu ya mabomba mawili, linazungushwa na mota ya pampu ya maji, ndani yake kuna kitu kinanguruma. Mwenye pipa amekaa kwenye kigoda anatazama kama anayesubiri maharage.

"Nkwabi, bebe, wewe unapika mawe?"

"Napika."

"Yakiiva utuite. Ugali nitaleta mimi."

Basi jina likakaa. Mpaka leo ukifika Ibadakuli, Shinyanga, ukamuulizia Nkwabi, watoto watakuelekeza kwa Mpika Mawe. Yeye hakukasirika. Mtu aliyekaa miaka ishirini na miwili kwenye maduara ya dhahabu ya Geita, akishuka chini ya ardhi kwa kamba na kupanda kwa kamba, ameshaitwa majina mabaya kuliko hilo.

Aliondoka Shinyanga binti yake Vumilia akiwa na miaka miwili. Alimwambia mkewe, Zipora, kwamba anakwenda msimu mmoja tu. Lakini dhahabu ina tabia ya kuonekana kidogo siku ile mtu anapofunga mizigo arudi kwao, na Nkwabi alifunga mizigo mara nyingi. Krismasi moja alikuja, mbili hakuja. Akija alileta mchele na vitenge, akalala siku tatu, akaondoka. Vumilia aliota meno na kuyang'oa, akaanza shule, akamaliza, akawa muuguzi Kahama, na yote hayo baba yake aliyapata kwa simu. Hata mama mkwe wake alipofariki kule Mhunze, Nkwabi alikuwa Nyarugusu, huko huko Geita, kwenye duara walilodhani linakaribia kutoa. Alifika msibani siku ya tisa, matanga yamekwisha. Mkwe kukosa kumzika mama wa mkewe! Ukweni hawakumwambia kitu. Walimkaribisha, wakampa kiti na maji ya kunywa, na yeye akatamani wangemtukana.

Kilichomrudisha nyumbani ni kifua. Daktari alimwambia vumbi basi, na kwa mara ya kwanza Nkwabi alitii. Alirudi akakuta nyumba inayojiendesha yenyewe. Hakujua kikombe chake ni kipi, wala mbwa anaitwa nani. Vumilia alipopiga simu, na ikatokea baba ndiye amepokea, maneno yalikuwa yale yale: "Shikamoo baba. Naomba mama." Baina ya shikamoo na naomba hapakuwa na kitu. Hapo katikati ndipo Nkwabi alipotaka kuingia, na hakujua aingilie mlango gani.

Mlango aliuona kwenye maonyesho ya madini pale Geita, alikokwenda kusalimia wenzake. Mama mmoja wa Arusha, jina lake Justa, alikuwa ameweka bakuli la mawe yanayong'aa kama yametoka majini sasa hivi. Nkwabi aliokota moja, jekundu lenye mistari myeusi, akaligeuza, akacheka kwa uchungu. Aliyajua mawe yale. Kule machimboni huitwa magwangala, mawe ya taka yasiyo na dhahabu, na yeye alikuwa ameyatupa kwa ndoo miaka yote.

"Mama, haya sisi tulikuwa tunayatupa."

"Na mimi ndiye ninayeyaokota," Justa akamjibu.

Justa hakuwa mchoyo. Alimwelekeza jinsi ya kutengeneza pipa na kulivika ndani mpira wa tairi la lori ili mawe yasipasuane. Alimuuzia unga wa kusugulia wa aina nne, kuanzia ule wa chenga kama sukari hadi ule laini kuliko poda ya mtoto. Kila unga una wiki yake. Pipa lisisimame usiku wala mchana, na kati ya unga na unga mawe yaoshwe mpaka maji yawe meupe, maana punje moja ya unga mkali ikibaki itayakwaruza mengine yote. Nkwabi alijenga kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, akafunga na msumeno wa diski ya mafundi vigae, akautengenezea njia ya maji ili jiwe likatwe likiwa limelowa. Kuhusu vumbi hakuhitaji kufundishwa na mtu.

Mara ya kwanza aliharibu. Alichanganya mawe magumu na mawe laini, akaharakisha, wiki nne akazifanya siku kumi. Alipofungua, magumu yalikuwa na michubuko na laini yalikuwa yamegeuka tope. Akampigia Justa kulalamika.

"Baba yangu," Justa alisema, "wewe bado uko kwenye karasha. Karasha linataka haraka. Hili linataka mtu anayekaa nyumbani."

Neno hilo lilimwingia. Akakaa nyumbani. Na jambo la ajabu likatokea: Zipora, aliyelalamikia ule mngurumo wiki nzima, akaanza kuleta ungo wake karibu na kibanda kuchambua mtama jioni. Alikuwa akiokota jiwe lililokauka, analisugua kwenye kanga, analirudisha. Siku moja alisema, "Baba Vumilia, kumbe mikono yako inaweza kutulia." Nkwabi alilibeba neno lile siku tatu kama mtu aliyepewa cheo.

Kisha habari njema zikaja kutoka Kahama: Vumilia ana mimba, na mtoto wa kwanza atakuja kumzalia kwa mama yake, kama ilivyo desturi. Hapo Nkwabi akaamua. Atamtengenezea binti yake kidani. Si cha kununua, cha mikono yake mwenyewe, na akimvika atakuwa na la kumwambia zaidi ya marahaba.

Tatizo lilikuwa jiwe. Magwangala aliyoyabeba kutoka Geita yalikuwa yamepigwa baruti, yote yana nyufa za ndani. Akikata moja, linaachia vipande vipande. Alikata saba, yakaachia saba.

Zipora akaenda Mhunze siku tatu kumtazama kaka yake mgonjwa. Siku ya pili mvua ikanyesha, na ilipokatika Nkwabi akatoka kwenda jikoni kutafuta chai. Kando ya mlango wa jiko palikuwa na jiwe lililokaa pale tangu arudi, refu kama kiatu, laini, la mviringo. Alikuwa akilipita kila siku. Mvua ilikuwa imelisafisha, na ndani ya weusi wake akaona mistari myekundu, imenyooka, mizima, bila ufa hata mmoja.

Mchimbaji akiona jiwe hulilamba. Ni mazoea tu, mate huonyesha kilichofichwa na vumbi. Nkwabi akaliokota, akalilamba, mistari ikawaka. Ulimi wake ulionja kitu kingine pia, kitu cha zamani, kama unga uliokaa sana. Aliitambua ladha ile lakini hakujiuliza imefikaje pale. Jambo hili ndilo analolirudia zaidi sasa: kwamba ulimi ulimwambia, na yeye akawa anasikiliza macho.

Kwa watu wa machimbo, jiwe zima ni umaskini. Mali iko ndani, na ndani hufikiwa kwa kupasua. Alilipeleka kwenye msumeno. Lilikatika vizuri kuliko jiwe lolote alilowahi kulikata, likampa vipande kumi na kimoja, akavichonga mviringo, akavitia ndani ya pipa na unga wa kwanza. Siku ile alipiga mluzi.

Zipora alirudi kesho yake mchana. Aliweka mkoba chini, akaelekea jikoni, akasimama.

"Jiwe la mlangoni liko wapi?"

Nkwabi alikuwa anatabasamu. Hilo nalo hawezi kulisahau, kwamba alikuwa anatabasamu. "Ni siri ya Vumilia," alisema, akaonyesha pipa. "Nimempatia kidani, Mama Vumilia. Ungeona ndani yake kulivyo!"

"Zima mashine."

Akazima. Zipora alikwenda hadi chini ya ghala la mtama, akapiga magoti, akaingiza mikono, akavuta jiwe kubwa bapa lililokuwa limelala kifudifudi. Akaligeuza. Katikati lilikuwa na shimo refu, laini, lililochimbwa na kusaga kwa miaka na miaka.

"Hili ni jiwe la chini," alisema. "Lile ulilokata ndilo la juu. Kwetu hayakai pamoja mpaka kuwe na kazi. La chini hulala ghalani, la juu hukaa mlangoni lilinde nyumba. Mama alisagia, na mama yake alisagia. Pale pembeni palikuwa na kishimo cha kidole gumba. Hukukiona kishimo?"

Alikiona. Alidhani ni kasoro, akaanza kukata hapo hapo.

"Sikujua, mke wangu. Wallahi sikujua."

"Najua hukujua." Sauti yake haikupanda. "Nilikabidhiwa siku tuliyomzika mama, mbele ya ukoo wote. Kila mkwe alikuwepo. Ungekuwepo, ungejua."

Nkwabi alikaa chini pale pale kwenye tope. Mashimoni alishafukiwa na kifusi mara mbili, na mara zote mbili alijua aanze kuchimbua upande gani. Hapa hakujua. Zipora alilirudisha jiwe la chini mahali pake, akalilaza kifudifudi, akapangusa magoti.

"Washa mashine," alisema. "Yameshakatwa. Usiyaharibu tena kwa kuyaacha nusu."

Alimaliza wiki zote nne. Aliosha kila kipande kwa mikono, maji saba, maji manane, na hakuna jiwe lililowahi kung'aa vile kwenye kibanda kile. Lakini ungo wa mtama haukuletwa tena karibu na pipa.

Vumilia alikuja mwezi wa mwisho wa mimba, miguu imevimba, anacheka. Nkwabi alimpa kidani siku ile ile. Binti alikiinua kwenye jua.

"Baba! Umenitengenezea mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Jiwe umelitoa wapi?"

Zipora alikuwa amesimama pale, ameshika birika. Nkwabi alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa, "Nyarugusu."

Vumilia akakivaa. Akavuta kigoda, akakaa kibandani na baba yake mpaka jua likashuka, anauliza hili ni la nini, lile linafanyaje, unajuaje jiwe limeiva. Ndilo jambo ambalo Nkwabi alikuwa amelitaka miaka yote, na alilipata lote kwa jioni moja. Usoni alicheka. Moyoni alijiona mwizi anayesifiwa kwa mali ya wizi.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Siku ya kumtoa nje, Zipora alilitoa jiwe la chini, akaliosha, akaliweka uani na kiganja cha mtama juu yake. Desturi ya kwao ni bibi asage, amshike mzazi mkono juu ya jiwe wasage pamoja, wawataje wanawake wote waliolishika kabla yao, kisha unga utiwe maji, mtoto apakwe kwenye paji la uso. Ndivyo jiwe linavyoonyeshwa mikono itakayolirithi. Vumilia alikuwa ameingoja siku hiyo tangu utotoni. Akatazama mlangoni, akatazama ghalani.

"Mama, jiwe la juu liko wapi?"

Hapo ndipo palikuwa pake pa kukiri. Nkwabi alijua. Alikuwa ameyapanga maneno usiku kucha, na sasa yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini Vumilia alikuwa amempakata mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mwingine alikuwa anachezea kidani shingoni, na Nkwabi aliwaza: nikisema, nitarudi kuwa shikamoo na naomba mama. Akakohoa. Akakohoa tena.

"Limevunjika, mwanangu," alisema Zipora. "Niliteleza nalo wakati wa mvua. Mikono imezeeka."

"Mayu wane!" Vumilia akashika kichwa. "Mama! La bibi? Ulikuwa unalibeba kwenda wapi?" Alilia, na katika kulia akasema maneno makali kwa mama yake, kwamba angeacha kulishika, kwamba vitu vya watu hutunzwa. Zipora aliyapokea yote ameinama, akasaga ule mtama kwa jiwe la kuazima kwa mke wa Januari. Halikukaa vizuri kwenye shimo. Unga ukatoka chenga.

Baadaye, Nkwabi alimfuata jikoni. "Kwa nini umejitwisha?"

"Alikaa miaka ishirini na miwili bila baba," alisema Zipora bila kugeuka. "Amempata juzi. Mimi simnyang'anyi. Siku ukiweza, mwambie mwenyewe."

Mwaka sasa umepita. Pipa bado linazunguka, na watu wa Shinyanga mjini huja kununua hereni na pete. Vumilia hupiga simu kila Jumapili, na siku hizi hupiga namba ya baba. "Shikamoo baba. Pipa linasemaje wiki hii?" Huzungumza mpaka salio linakatika. Mama yake, Vumilia humsalimia mwishoni, kwa kifupi, kwa adabu.

Jumapili iliyopita alikuwa na furaha ya pekee. Mtoto anaota meno, alisema, na hatulii mpaka ashike kile kidani. Anakisugua kwa kidole gumba hadi analala.

"Nimeamua baba. Lile jiwe la bibi mama alishalivunja, basi. Sasa la kwetu litakuwa hili lako. Huyu akija kuzaa nitampa, na nitamwambia lilitoka Nyarugusu, alilichimba babu yake."

Zipora alikuwa uani, hatua tano tu, anachambua mtama, na simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu. Mikono yake ilisimama kwenye ungo. Alimtazama mumewe, akangoja.

"Baba, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu," alisema Nkwabi. "Vizuri. Mpe."

Zipora akainama, akaendelea kuchambua.