Kiti Namba Sifuri

Shuleni kwetu Kilosa kuna chumba kinachoitwa maabara ya kompyuta. Kompyuta moja inawaka. Nyingine mbili zimefunikwa vitambaa kama maiti zinazosubiri ndugu. Ndiyo maana mwalimu wetu wa kompyuta alipotaka kutufundisha jinsi diski inavyotunza mafaili, alitupeleka ukumbini, akapanga viti arobaini, akasema, "Leo diski ni ninyi."

Utaratibu ulikuwa huu. Faili letu ni hadithi ya kurasa kumi na mbili. Kila ukurasa unakabidhiwa mwanafunzi mmoja, naye anakaa nao kwenye kiti chochote kilicho wazi, maana kwenye diski faili moja linaweza kutawanyika hivyo hivyo. Msomaji alikuwa kijana wa darasa letu mwenye sauti ya kunadi mitumba. Mimi nilikaa pembeni na daftari, nikimwambia kila ukurasa uko wapi. Nadhani nilichaguliwa kwa sababu kazi hiyo haihitaji kusimama.

Mwanzoni aliuliza mmoja mmoja. "Wa kwanza?" Kiti cha tano. "Wa pili?" Cha sita. "Wa tatu?" Kengele ya chai ililia hata nusu hatujafika. Nikabadilisha: kurasa zilizokaa jirani nikazijibu kwa mkupuo, "kuanzia kiti cha tano, viti vinne." Mwalimu alifurahi, akasema ndivyo mifumo ya kisasa inavyofanya, na kwamba mimi ndiye nitakayekwenda Morogoro kuieleza kazi yetu kwenye mashindano ya shule. Nilitaka kwenda Morogoro kuliko nilivyotaka kufaulu Hisabati. Nilitaka hivyo hivyo ingawa hata kumwamkia mlinzi wa getini huwa nafanya mazoezi kwanza.

Tatizo lilikuwa kurasa zisizo na kiti. Kuna ukurasa ambao mwandishi aliuruka, haupo kabisa. Huo niliuita pengo. Na kuna ambao upo, ila msichana anayegawa kurasa pale mlangoni bado anao mkononi, hajampa mtu wa kukaa nao. Kompyuta nayo hushika vitu kwenye kumbukumbu kwanza kabla ya kuviandika kwenye diski. Huo niliuita bado.

"Mbele ya mgeni rasmi utasema bado?" mwalimu akaniuliza, maana kabla ya Morogoro tulitakiwa kuionyesha kazi hiyo shuleni. "Aone shule nzima ni bado, bado?"

"Lakini mwalimu, ndio ukweli."

"Sema sifuri. Pengo, bado, vyote sifuri. Sifuri maana yake hakuna."

Ila kiti namba sifuri kilikuwepo. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetaka tuhesabu kuanzia sifuri, kama kompyuta, na kile cha kwanza kabisa pale mbele tulikiacha kitupu, kwa kuwa mwanzo wa diski ni sehemu ya mfumo wenyewe. Kwenye mazoezi msomaji alikwenda pale, akakuta hakuna mtu, akauruka ukurasa.

"Umeona? Inafanya kazi," mwalimu akasema.

Nikafuta majibu yangu mawili kwa kifutio.

Siku ya mgeni rasmi, mwalimu wa taaluma alikuja kukagua ukumbi, akaona kiti kitupu mbele kabisa. Akakitandika kitambaa cha kufuma, akaweka na chupa ya maji pembeni. Mgeni alipofika, akaketishwa hapo hapo. Nilimwona mwalimu wangu akiona, akanyamaza. Na mimi nikanyamaza, maana kunyamaza ndicho kipaji changu.

Hadithi ilikuwa ya dereva wa lori aliyekutana na tembo barabarani Mikumi. Tulikwenda vizuri mpaka wa sita.

"Wa saba?"

Nilitazama mlangoni. Msichana alikuwa nao, ananipungia.

"Sifuri," nikasema.

Kijana akatembea mpaka mbele. "Shikamoo, mheshimiwa. Naomba ukurasa."

"Marahaba." Mgeni akatabasamu, akadhani ni sehemu ya onyesho, akampa karatasi iliyokuwa mapajani mwake. Kijana huwa hasomi kabla ya kusoma. Tembo alikuwa ndiyo kwanza ameinua mkonga juu ya kioo cha lori, yeye akaunganisha kwa sauti ile ile: "Ninafarijika kuona kompyuta kumi nilizowaletea mwaka jana zinatumika vizuri."

Mtu wa nyuma akauliza, "Kumi zipi?" Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

Mgeni akachukua maikrofoni. "Nani kamtuma huyu kijana kwangu?"

Mwalimu akaninyooshea kidole haraka sana. Ikabidi nisimame.

"Ukurasa haujapata kiti, mheshimiwa," nikasema. "Ilitakiwa niseme bado."

Uso wake ukachangamka. "Mmesikia? Basi na kompyuta zenu ndivyo zilivyo. Hazijapotea. Bado!" Mwalimu wa taaluma akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata.

Ningekaa. Lakini alikuwa anaharibu jibu langu, nililolifikiria wiki mbili, na nikajisikia nikisema, "Hapana. Ili iwe bado, lazima awepo mtu ameshika. Ukurasa wa saba anao yule pale mlangoni. Kompyuta kashika nani?"

Hakuna aliyepiga makofi. Mgeni akasema suala hilo litafuatiliwa, kisha tukaenda kula pilau.

"Umeniaibisha," mwalimu aliniambia ofisini. "Morogoro ataenda mwenzako."

Mwenzangu ndiye huyo msomaji. "Sista, mimi sijui kitu, mimi ni spika tu," alinijia kinyonge. "Niandikie." Nikamwandikia kurasa nne, pamoja na pengo na bado. Nililia kidogo, siyo sana.

Siku ya mashindano ilikuwa likizo, niko nyumbani Mikumi, namsaidia mama kuwapakulia madereva wali. Simu ya mama ikaita. Ni yule msomaji, ananong'ona, jambo ambalo sikujua analiweza.

"Jaji anauliza, je, ukurasa ukihama kiti wakati msomaji yuko njiani?"

Hilo sikuwa nimeliandika. Nikasimama na upawa mkononi, dereva ananidai maharage.

"Mwambie jibu ni la wakati ule ulipouliza," nikasema. "Hatuahidi zaidi ya hapo. Ukifika ukakuta siyo, rudi uulize tena."

Nikamsikia akilirudia kwa sauti yake yote, kama lake, halafu makofi, halafu simu ikakatika.

Walipata nafasi ya pili. Cheti kimetundikwa ofisini kwa mwalimu, kimeandikwa jina la kijana, kisha "na wenzake." Nimekisoma mara nyingi nikipeleka madaftari. Hao wenzake ni mimi.