Nilitia Kidole, Nikakosa Ndege ya Ndoa

Kosa ni langu, simusukumii mutu. Jina langu nitalificha, lakini ya wengine niko nayo yote kichwani.

Mujukuu wangu Furaha alikuwa anaolewa Nairobi Jumamosi. Mama yake alikufa zamani, ni mimi nilimulea hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda. Kwa hiyo mukono wake ulikuwa wangu wa kuushika mpaka kwa mume. Bwana arusi, Patrice, akanitumia tikiti ya ndege. Ijumaa nikapanda basi Mbarara, kitenge kipya kifuani.

Kufika kiwanja cha ndege cha Entebbe, tunaambiwa ndege imefutwa. Kijana wa kampuni ya ndege akaja na katoni za juisi na biskuti, makaratasi na wino. Moyo wangu ukatulia kabisa. Sisi wa kambini tukiona katoni na wino, tunajua ni mugao wa chakula. Nikasimama, nikaanza kupanga watu: wazee mbele, wenye watoto nyuma yao. Hakuna aliyenituma.

Mwalimu mumoja Mrundi, Consolata, akanivuta kitenge, akaniita koko, yaani bibi.

"Koko, karatasi hii inasema unaachilia haki yako yote. Ndege wameifuta wao. Wanapaswa kutupatia ingine, chakula na fasi ya kulala."

"Binti yangu, mimi nimepanga foleni tangu hujazaliwa. Ukikataa kutia kidole, wanakutoa kwenye liste, jina linapotea."

"Liste gani, koko?"

Nikatia kidole cha wino kwenye karatasi, na kijana nikamupigia makofi. Watu tisa wa kambini kwetu wakanifuata kwa kuheshimu mvi zangu.

Consolata na wenzake waliokataa walipelekwa hoteli, asubuhi wakaruka. Sisi tulipouliza ndege yetu, kijana akasema kwa upole, "Nyinyi mulishamaliza mambo yenu, wazee wangu." Upole huo ndio bado unaniuma.

Jumamosi saa nane nimesharudi Mbarara, niko mutaa wa Nyamityobora kwa mudogo wangu Zawadi, ninaangalia ndoa kwa simu. Kule Nairobi walitafuta mwanamke mwenye nywele nyeupe, wakamupata kwa majirani. Ndiye alimushika Furaha mukono. Picha ya ndoa iko ukutani kwangu. Wale tisa walionifuata ninawajua kwa majina, Bahati, Nabintu, Mzee Sadiki, na hawanisalimii tena. Yule mwanamke wa kwenye picha, sijui anaitwa nani.

Ndugu zangu, ndege ikifutwa mutaletewa juisi. Munywe, ni yenu. Kidole mukifiche mufukoni mpaka musomewe karatasi yote.