Kaka Kaniletea Gari la Dodoma, Mzee wa Sudi Kalifungua kwa Goti

Admin, nifichie jina langu kabisa, maana ndugu zangu wanafuatilia ukurasa huu. Aliyenitenda haya naye yumo humu, kila siku namwona anawashauri wenzake kuhusu uaminifu. Leo asome na yake.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, naishi Lindi mjini na wanangu wawili. Baba yao tuliachana. Kazi yangu ni kupika kwenye shughuli, iwe harusi, maulidi au hitima, naitwa na masufuria yangu. Gari la kwanza tulilonunua na huyo mume liliisha kwa kutu. Wa pwani mwenzangu unanielewa. Juu unaosha linang'aa, kumbe chini chumvi inakula taratibu, siku unapiga jeki unaona jeki inapenya ndani. Nikaapa gari la pili lazima litoke bara, kukavu, ambako halijawahi kunusa bahari.

Kaka yangu wa tumbo moja, mkubwa wangu, anafanya kazi Dodoma. Nani mwingine ningemwamini? Nilijibana misimu miwili ya harusi nikamtumia hela yote. Nikamwambia, "Kaka, rangi yoyote, hata likiwa na sura mbaya. Mimi nataka chini kuwe kuzima." Akanijibu, "Dada, niachie mimi. Vyuma vya huku havijui kutu ni nini."

Gari alilileta mwenyewe, limejaa vumbi jekundu mpaka kwenye vioo. Akakataza lisioshwe. "Liache majirani waone limetoka mbali." Majirani wakaja, nikapigiwa vigelegele, na mimi mjinga nikacheka hadi machozi. Niliinama nikaona chini limepakwa rangi nyeusi mbichi, nikauliza. Akasema bara wanapaka hivyo kwa ajili ya mawe ya barabarani. Kadi ya gari nayo akasema itafuata. Kasoro ilikuwa moja tu, mlango wa nyuma wa kushoto haukufunguka. Mafundi wawili walihangaika nao wakashindwa, tukazoea wanangu kuingilia upande wa pili.

Wiki iliyopita nikaitwa kupika harusi kijijini Sudi, huku huku pwani. Nilipofika naanza kushusha masufuria, akaja mzee mmoja mfanyabiashara wa samaki, akasimama analitazama gari.

"Shikamoo baba," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Hili umelipata wapi?"

"Dodoma," nikajibu, tena kwa maringo.

Mzee hakubisha. Alikwenda kwenye ule mlango wa kushoto, akanyanyua kitasa, akaupiga kwa goti mara moja chini ya kitasa. Mlango ukafunguka.

"Hili nimelibebea samaki na barafu miaka mingi," akasema. "Maji ya chumvi yakimwagika humohumo ndani. Nilimwuzia kijana mmoja kama chuma chakavu. Nikamwambia kabisa, asije akapakia mtu. Mwanangu, hebu nyanyua hilo zulia."

Nikanyanyua. Chini yake kulikuwa na kipande cha bati kimebandikwa kwa gundi. Nilikuwa na mwiko mkononi, nikakigandamiza kidogo tu. Mwiko ulipita ukagota kwenye mchanga. Na hapo, jamani, ndipo binti yangu mdogo anapoweka miguu kila asubuhi nikimpeleka shule.

Sijui ile pilau niliipikaje. Nilimpigia kaka. Unajua alinijibu nini? "Dada, kwani halitembei?" Nikamuuliza na lile vumbi la Dodoma je. Akacheka! "Vumbi ni vumbi tu, nililinunua kwa mzee wako huyo huyo, nikalipitisha Kilangala hapo hapo Lindi." Kaniingiza mkenge, halafu ananicheka. Hela si kitu kinachoninyima usingizi. Kinachonichoma ni kwamba aliambiwa lisipakie mtu, akawapakia wapwa zake wenyewe, akawapiga picha wamekaa humo wanatabasamu. Nina hasira ambazo sijawahi kuwa nazo.

Sasa sikieni kubwa zaidi. Kaka kapata mteja, mkulima wa kijiji cha Likawage, anataka gari la kumpeleka mama yake hospitali kwa sababu bodaboda hawezi tena kupanda. Kaka kamwambia ni gari la dada yake, limetoka Dodoma, halina tatizo. Anasema likiuzwa ananirudishia changu na mambo yanaisha. Na mama yetu mzazi yuko upande wake. Kahamia kwangu tangu majuzi. "Utamwaibisha nduguyo kwa ajili ya bati? Mwache auze. Ukimwambia huyo mtu, radhi zangu usizitafute." Mama aliyenizaa ananiambia hivyo, huku mjukuu wake amelala mapajani mwake.

Jana yule mkulima kanipigia. Mtu wa adabu, salamu kwanza, afya, watoto. Kisha akasema, "Dada, mimi magari siyajui. Naomba unijibu moja tu, wanao huwa unawapakia humo?"

Nikasingizia mtandao, nikakata. Baadaye akamtumia kaka ujumbe kwamba anakuja kwangu Ijumaa baada ya swala, atakuja na mama yake ili bibi ajaribu kiti cha nyuma, aone kama magoti yatakunjika vizuri.

Funguo nimezificha, lakini haitoshi, kaka naye anashuka kutoka Dodoma na anazo nyingine. Ijumaa bibi wa watu atafunguliwa mlango, ataweka miguu palepale, na mama yangu atakuwa kibarazani ananitazama mdomo. Nikisema, nimepoteza radhi. Nikinyamaza, mimi na kaka tofauti yetu ni nini? Nishaurini ndugu zangu, tena upesi, Ijumaa si mbali.